Peugeot 504 Inayolemewa Njiani Timboroa

SWALI: Ninamiliki Peugeot 504 ya mwaka 1978, saluni ya lita 2 yenye kabureta, niliyoachiwa na baba yangu. Nikitoka Nakuru kwenda Eldoret, gari hulemewa mno ninapokaribia Timboroa. Fundi mmoja ananishauri nifunge kabureta mbili za Weber pamoja na kamshafti ya mashindano. Mwingine ataka niing'oe injini, niweke ya Toyota. Nimfuate yupi?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usimfuate yeyote kati yao. Injini yako ilitoka kiwandani ikiwa na nguvu za farasi zipatazo 96, lakini hicho ni kipimo cha usawa wa bahari. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu, ambako kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya Mombasa, na nguvu za injini isiyo na turbo hupungua karibu kwa uwiano huo huo. Kwa hiyo, hata ikiwa nzima kabisa, hapo mjini hubaki na farasi 77 hivi, na Timboroa, zaidi ya mita 2,700, hukaribia 70.

Kinachoizidishia udhaifu ni kwamba hewa hupungua ilhali jeti za kabureta, yaani vitundu vinavyopima petroli, hubaki zile zile, hivyo petroli huzidi, plagi zikawa nyeusi na moshi ukatoka mzito. Mwombe fundi apime kwanza mgandamizo wa kila silinda. Ikiwa mgandamizo wa silinda moja uko chini sana kuliko wa nyingine, tengeneza valvu au ringi kabla ya jambo lingine lolote. Injini hii ina laina (mikono ya ndani ya silinda) zinazobadilishwa, kwa hiyo kuifufua si kazi ya kuogofya. Kisha afunge jeti kuu ndogo kidogo na kuwahisha moto wa plagi kwa digrii chache, akisikiliza kama injini inagonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda. Ukiteremka na gari hadi Mombasa, rudisha vipimo vya awali, kwa sababu huko hewa ni nzito, na injini iliyopangiwa milima huweza kugonga hadi ikatoboa pistoni.

Baada ya hapo, ikiwa fedha ipo, ningeitumia kwenye silinda hedi, yaani kifuniko cha silinda chenye valvu: kulainisha njia za hewa, kukata valvu upya, kisha kufunga manifoldi ya eksozi yenye mabomba manne yanayoungana mbele. Kamshafti ya mashindano (mhimili unaofungua valvu) siipendekezi hata kidogo, kwani hutoa nguvu injini ikizunguka kasi na huipunguza ikizunguka polepole, pale pale unapoihitaji ukipanda na mizigo. Weber mbili bila hedi na kamshafti za kulingana nazo zitakuongezea gharama ya petroli kuliko mwendo.

Kuhusu injini ya Toyota, utalazimika kubadilisha vishikizo vya injini na pengine giaboksi, na nambari mpya ya injini iandikishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Inawezekana, lakini 504 ya aina hii iliyoendeshwa na dereva Msweden Ove Andersson ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975, ikiwa na injini ya Peugeot ya kupuliza petroli badala ya kabureta, nami ningesikitika kuona yako ikipoteza moyo wake.

Vyovyote utakavyoamua, kabla ya kuongeza farasi hata mmoja, badilisha mipira ya breki na mafuta yake, kwa kuwa mteremko wa kurudi kutoka Timboroa ni mrefu.