Programu ya simu kwenye tableti: nafasi ya kioo igawiwe vipi?

SWALI: Nimeunda programu ya Android ya kuagiza safari za mashua hapa Lamu: Shela, Manda, Takwa, Matondoni. Kwenye simu iko sawa. Kwenye tableti ya inchi 10 tuliyoiweka mapokezi, vitufe vimevutika ukingo hadi ukingo, mistari ya maandishi ni mirefu mno, na nikigeuza kioo fomu niliyoijaza nusu inafutika. Nikuze maandishi? (Msomaji, Shela)

JIBU: Usikuze. Herufi zinazosomeka kwenye simu zitasomeka na hapo. Kilichoongezeka ni nafasi, na kazi yake ni kumwondolea mgeni shida ya kwenda na kurudi kati ya kurasa.

Kwanza acha kuhesabu pikseli, hesabu dp, kipimo cha Android kisichotegemea wingi wa pikseli za kioo. Simu ya upana wa pikseli 1080 na msongamano wa pikseli 420 kwa inchi ina dp 411 tu (1080 × 160 ÷ 420). Tableti ya pikseli 800 kwa 1280 yenye msongamano wa 160 ina dp 800 ikisimama, 1280 ikilazwa. Pikseli ni chache, nafasi ni karibu maradufu.

Mipaka ya upana anayoipendekeza Google ni dp 600 na 840. Chini ya 600, baki na safu moja na menyu chini. Kuanzia 600, hamishia menyu ubavuni kushoto, dp 80 zinatosha. Ukifika 840 gawa kioo: orodha ya safari kushoto kwa dp 360, maelezo ya safari iliyochaguliwa kulia. Hapo mgeni akigusa Takwa aone bei, idadi ya abiria na saa ya maji kujaa papo hapo, maana mashua haiingii kwenye ule mkondo wa mikoko maji yakipwa. Upande wa kulia usiwe mtupu programu inapofunguka. Onyesha safari ya kwanza.

Hata huko kulia, aya isipite dp 600 hivi kwa herufi za sp 16 (sp ni dp ya maandishi, inayofuata pia ukubwa wa herufi aliouchagua mtumiaji). Hizo ni kama herufi 75 kwa mstari. Zikizidi, jicho hupotea likirudi kuanza mstari mwingine. Vitufe viwe na kimo kisichopungua dp 48, upana ufuate maneno yake.

Mpangilio wa safu mbili uweke kwenye folda ya layout-w840dp, si layout-sw840dp. Wengi hukosea hapa. Alama ya sw hupima upande mfupi, na wa tableti kama hiyo ni 800 hata ukiilaza, kwa hiyo safu mbili hazitatokea kamwe. Alama ya w hupima upana uliopo sasa. Tangu Android 7.0 mtu anaweza kufungua programu mbili ubavu kwa ubavu. Yako ikibaki na dp 640 hivi, itarudi yenyewe kwenye safu moja.

Kuhusu fomu: kioo kikigeuzwa, Android huivunja shughuli (Activity, yaani ukurasa) iliyo wazi na kuiunda upya. Kisanduku cha maandishi hujirejeshea maneno yake mradi kina android:id (jina lake la utambulisho) ya peke yake, basi anza kukagua hapo. Tarehe na idadi ya abiria zihifadhi ndani ya ViewModel, hifadhi ya data inayobaki kioo kikigeuzwa, na kwa onSaveInstanceState pia, inayobaki hata programu ikifungwa na mfumo, kwani mfumo unaweza kuifunga programu iliyo nyuma. Hifadhi vilevile safari iliyochaguliwa: mgeni anayesoma Takwa akiisimamisha tableti, abaki Takwa, na kitufe cha kurudi kimpeleke kwenye orodha.

Tafadhali usikwepe kwa kufunga kioo kisigeuke. Kwa programu zinazolenga Android 16, kwa kawaida mfumo hupuuza kufuli hilo pale upande mfupi unapofika dp 600.

Ukimaliza, jaribu kwa upana wa dp 411, 640, 800 na 1280, na kila mara geuza kioo fomu ikiwa imejazwa nusu.