Uliza Fundi: Sheikh anaongea Dar, mimi niko Makorora

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi sioni, na kazi yangu ni kuhariri vipindi vya redio kwa studio moja ndogo ya Dar es Salaam. Tangu nijifungue nimerudi kwa mama, Makorora hapa Tanga, na kompyuta ya studio naiendesha kutoka huku kwa NVDA, ile programu ya bure inayotusomea skrini kwa sauti sisi tusioona. Menyu nazisikia vizuri, hata majina ya mafaili. Lakini nikibonyeza spesi nisikilize mahojiano, kimya. Juzi saa 5 usiku mlinzi wa studio kanipigia simu anatetemeka: mlango umefungwa, ndani hakuna mtu, na sheikh anasikika akieleza habari za mirathi. Nifanyeje?
Mhariri, Makorora

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera ya mtoto. Huyo mlinzi mtumie hela ya soda, maana mwingine angeacha lindo.

Hakuna kilichoharibika. Sauti unazozitaka ni mbili, na kila moja ina njia yake. Ile ya NVDA inayokusomea menyu haitoki Dar hata kidogo. Kinachotoka Dar ni maandishi matupu. Kompyuta yako hapo Makorora ndiyo inayoyatamka. Ndiyo maana inakujibu upesi hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na ndiyo maana inaongea kwa kasi uliyoizoea wewe. Ufundi huo waliuleta Christopher Toth na Tyler Spivey mwaka 2015, ukiwa programu ya kuongezea kwenye NVDA, na tangu toleo la 2025.1 umo ndani ya NVDA yenyewe.

Sheikh si maandishi. Sauti yake NVDA haiibebi, kwa hiyo inatokea kwenye spika za studio na kuishia hapohapo.

Unahitaji mbebaji wa pili. Mimi natumia TeamTalk, ambayo wasioona wengi tumeizoea kwa mazungumzo ya kikundi. Iweke kwenye mashine zote mbili, zikutane kwenye chaneli moja yenye nywila. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hukwama. Kule Dar, TeamTalk ikikuuliza maikrofoni ipi, usiipe maikrofoni. Ipe waya wa kubuni, yaani programu inayojifanya spika upande mmoja na maikrofoni upande wa pili. VB-Cable ni mojawapo. Kisha programu yako ya kuhariri iambie itoe sauti kwenye waya huohuo. Sheikh ataingia kwenye waya badala ya spika, aje moja kwa moja masikioni mwako.

NVDA ya Dar isiguse waya huo. Mimi niliisahau hiyo, nikawa kila neno nalisikia mara mbili, la kwanza safi, la pili linakuja nyuma kama mtoto anayemwigiza mkubwa. Nikadhani hedifoni zimekufa. Nikazifungua kwa bisibisi, mtu niliyetengeneza redio miaka yote Ngamiani kabla macho hayajazima! Ingia kwenye mipangilio ya NVDA, sehemu ya sauti, uiachie spika za kawaida. Na ili isiongee peke yake studio usiku, mwombe mtu achomeke hedifoni chakavu kwenye tundu la mashine, aziache mezani.

Zima pia vichujio vya kelele na mwangwi vya TeamTalk. Vimetengenezwa kwa watu wanaopiga soga, muziki wako wa utangulizi vitautafuna.

Bando lisikutishe. Sauti ya kiwango cha CD isiyobanwa hula kilobiti 1,411 kwa sekunde, karibu megabaiti 635 kwa saa. TeamTalk hubana kwa Opus, mfumo uliopitishwa kuwa kiwango cha intaneti mwaka 2012. Ukiipa kilobiti 64, saa nzima ni kama megabaiti 29. Kwa kazi ya maneno yatosha. Ila usihukumu mvumo wa feni au mkwaruzo wa maikrofoni kwa sauti iliyobanwa. Ukaguzi wa mwisho pakua faili lenyewe ulisikilize hapo nyumbani.

Kinachoudhi hasa ni kuchelewa. Sheikh akikohoa, wewe unasikia baadaye kidogo, na ukibonyeza kusimamisha, kikohozi kimeshapitwa zamani. Usikate kwa kuvizia. Simamisha, rudi nyuma kwa vishale kidogo kidogo, sikiliza tena, ndipo ukate. Na vaa hedifoni za waya. Zile za Bluetooth zinaweza kuongeza milisekunde 100 hadi 200 juu ya kuchelewa kulikopo, na vijana wa madukani Ngamiani watakuapia kwamba hazichelewi. Kwa anayesikiliza taarabu ni kweli, hata hatajua. Wewe unakata sauti.

Waambie studio wazime ile hali ya kompyuta kusinzia, la sivyo utaikuta imelala katikati ya kazi. Umeme ukikatika huko Dar, zipo mashine zinazoweza kupangwa zijiwashe ukirudi. Yako ikiwa haiwezi, wa kubonyeza swichi saa 8 za usiku ni mlinzi yuleyule, kwa hiyo soda zifanye mbili.