Kabla ya kuuliza dawa gani, uliza anakanyagia wapi

Mkuu, nimekusoma. Mzee wako ana miaka 61, yuko Nachingwea, sukari anayo mwaka wa nane, na sasa ana kidonda kwenye unyayo, usawa wa kidole gumba, mwezi wa pili huu hakifungi. Anatembea kama kawaida na anasema hakimuumi. Mmeshampa vidonge vya duka la dawa mara mbili, shangazi anasema kategwa, na wewe unaogopa hospitali kwa kuwa umesikia wakienda huko wanakatwa tu. Unauliza apakwe dawa gani.

Mimi si daktari. Nimeuguza mguu wa mama yangu pale Newala kwa miezi kumi na moja, na mengi niliyoyafanya ile miezi ya mwanzo yalikuwa makosa. Nakuandikia kwa sababu naona unaanzia palepale nilipoanzia mimi. Katika maelezo yako yote, kilichonitisha ni hilo neno "hakimuumi".

Kwetu aliyegundua ni mwanangu, miaka sita. Alikuja kuniambia bibi anachora sakafu. Nikaenda kuangalia: juu ya saruji kuna madoa ya majimaji mekundumekundu, hatua kwa hatua, kutoka mlango wa uani mpaka kitandani, yote ya mguu wa kulia. Mama amekaa kwenye mkeka anachambua kisamvu. Nikamvua yeboyebo. Msumari mdogo ulikuwa umepenya soli kutoka chini, ncha imechomoza kwa ndani kama punje ya mchele. Misumari yote ya pale nyumbani ina kutu. Huu ulikuwa unang'aa, umesuguliwa na nyama ya mama sijui kwa siku ngapi. Na yeye ananiuliza, "Umeona nini?"

Sukari ikikaa juu miaka mingi inaua neva, na huanza na zile za mbali kabisa, za miguuni. Mtu anapata ganzi, ila hajui kuwa ana ganzi. Anaona mguu upo tu. Hapohapo jasho la unyayo linakauka, ngozi inapasuka. Misuli midogo ya mguu inalegea, vidole vinajikunja, na uzito wote wa mwili unaangukia pale mbele chini ya vidole. Ngozi inajikinga kwa kuota sugu. Sugu yenyewe inakuwa kama jiwe ndani ya kiatu, kila hatua inaponda nyama iliyo juu yake mpaka nyama inachanika kwa ndani. Mimi na wewe tungeanza kuchechemea siku ya kwanza. Mzee wako hachechemei, kwa hiyo anakiponda upya kila anapokwenda chooni, msikitini, shambani.

Sisi tulifanya kama mnavyofanya. Duka la dawa walitupa vidonge, vikaisha, tukarudi wakabadilisha. Jirani akasema nipasue kapsuli za rangi mbili nimwage ule unga juu. Ukaganda ukafanya gaga gumu, tukafurahi kwamba kidonda kimekauka, kumbe usaha umefungiwa ndani. Kuna siku nilimloweka mguu kwenye beseni la maji ya moto na chumvi. Nilimuuliza kama yamezidi, akasema yako sawa. Nilimuuliza mtu mwenye ganzi! Kesho yake kisigino kimefanya lengelenge. Tangu siku hiyo maji nayapima mwenyewe kwa kiwiko, na miguu hailowekwi tena, inaoshwa na kukaushwa, hasa katikati ya vidole.

Habari ya kutegwa nayo tuliipitia, na sitaki kumcheka shangazi yako. Kwetu mwenye sauti ni mjomba, na mjomba alishaamua kuna mtu kafukia kitu njiani. Wiki tatu zikapotea huko. Aliyemgeuza ni mganga mmoja wa hospitali, naye hakumbishia. Alimuuliza kama anawakumbuka wazee wa ukoma wa zamani, wale waliopungukiwa vidole. Mjomba anawakumbuka sana. Akamweleza kwamba kuna daktari Mwingereza, Paul Brand, aliyekaa na wagonjwa wa ukoma kule Vellore, India, akaonyesha kwamba vidole vile havikuoza vyenyewe. Mgonjwa hasikii maumivu, basi anaungua, anajikata, anatembelea kidonda mpaka mfupa. "Mguu wa dada yako ni huohuo, kasoro ukoma." Mjomba akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza nauli.

Tulifika hospitali mwezi wa nne wa kidonda. Mimi nimebeba mfuko wa maboksi ya dawa zote tulizotumia, nikidhani ndicho watakachotaka kuona. Daktari hata hakuufungua. Aliuliza, "Anakanyagia wapi?" Akazigeuza yeboyebo, akaonyesha soli ilivyoliwa upande mmoja, akaiweka kwenye unyayo: tundu la soli na kidonda vikakutana.

Halafu akaanza kuichonga ile sugu kwa wembe wa hospitali. Bila ganzi ya sindano. Mimi nimeuma meno, mama anamsimulia sista bei ya korosho. Kidonda tulichokuwa tunakiona sawa na kifungo cha shati kilikuwa mlango tu. Ndani kilitanuka kama shimo la panya. Akaingiza kijiti chembamba cha chuma, taratibu, mpaka kikagota. Akasema huo ni mfupa. Kidonda kikishagusa mfupa wasiwasi ni kwamba nao umeingiliwa, na picha ya eksirei ikipigwa mapema inaweza isionyeshe kitu, mabadiliko huchukua wiki mbili tatu kuonekana. Yetu ilionyesha. Tulichelewa kiasi hicho.

Kidole cha pili kilitolewa pamoja na kipande cha mfupa wake. Mjomba ndiye alitoa kauli, mama akatia dole gumba. Alichoomba mjomba ni kupewa kile kidole. Walimpa kimefungwa kwenye shashi, akakizika nyuma ya nyumba, akaweka jiwe. Kwa hiyo ndiyo, alikatwa. Ila kwa hesabu yangu kidole kile tulikipoteza nyumbani, kati ya kapsuli na beseni. Waliolala naye wodini waliokatwa juu ya goti walikuwa wamekaa nyumbani muda mrefu kuliko sisi. Watu wanaona mgonjwa anaingia na mguu anatoka bila mguu, hawaoni miezi aliyokaa kabla.

Sasa nije kwenye dawa ya kupaka. Uchafu ulipokauka na damu ya mguuni ikaonekana inafika vizuri (hili walilipima kwanza, wanashika mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo), alifungwa plasta ngumu, lile hogo wanalofungwa waliovunjika, ila lilifinyangwa kufuata mguu wote ili uzito usambae. Mbinu hiyo nayo ilitumika kwa watu wa ukoma kabla ya kuhamia kwenye sukari. Lilikuwa linafunguliwa kila wiki, kidonda kinasafishwa, sugu inachongwa, linafungwa jipya. Miezi minne ya dawa za kila aina hakikusogea. Ndani ya hogo kilifunga wiki ya tisa. Dawa iliyokuwa juu yake? Maji ya chumvi ya hospitali na shashi safi. Sina ugomvi na asali wala na mafuta ya mtu yeyote, ila hakuna kati ya hizo inayopunguza kilo za mama juu ya kidonda.

Faida kubwa ya hogo ni kwamba halivuliki. Kabla yake alipewa kiatu maalumu cha kuvua na kuvaa. Alikivaa siku za kliniki. Ilikuwa Novemba, korosho zinaanguka, nani akae kitandani? Nilimkuta shambani kwa yeboyebo mpya, kile kiatu amekiacha juu ya kabati kisichafuke.

Hogo lina shida zake. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Nilitoboa kiti cha plastiki katikati nikakiweka juu ya tundu. Udhu ulimsumbua roho mpaka ustadhi alipomwambia apake maji kwa juu ya plasta, inatosha, na aswali amekaa. Likilowa linaharibika. Na kwa kuwa hasikii, likibana hatajua: ukiona harufu imebadilika, vidole vimevimba, goti la moto au homa, linafunguliwa siku hiyohiyo. Si kila mguu unafungwa hogo. Mguu wa baridi usio na mapigo, unaouma usiku akiulaza na kutulia akiuning'iniza, tatizo lake ni mishipa ya damu iliyoziba, na huo unataka njia nyingine. Kwa hiyo usimwambie mtu wa mifupa mtaani amfunge.

Vidonge vya antibayotiki ni vya maambukizi. Kidonda kisicho na usaha, uvimbe wala joto hakivihitaji, na kikiwa na maambukizi mara nyingi vya dukani havifikii. Kwa ngozi zetu wekundu haujitokezi vizuri, kwa hiyo mguse kwa mgongo wa mkono, mguu huu na huu, ulinganishe joto. Mmoja ukiwa wa moto kuliko mwenzake, hata kama hauumi na hata kama kidonda chenyewe kinaonekana kizuri, nenda. Weusi, harufu, homa, kutetemeka, au sukari kupanda ghafla bila sababu ya chakula, hapo usisubiri gari la kesho. Sukari yenyewe ishushwe. Mama alikuwa na 17 kwenye kipimo cha asubuhi, yaani juu sana, wakampa insulini, akalia akidhani ndiyo mwisho wake. Mpaka leo anaitumia na anapalilia.

Wapi pa kwenda: wewe uko Nachingwea, waanzie hospitali ya wilaya leo au kesho wamwone na wampe rufaa. Mbele yako kuna hospitali za Ndanda na Nyangao, Lindi mjini kuna Sokoine, Mtwara kuna Ligula na ile ya kanda pale Mitengo. Piga simu kwanza uulize siku ya kliniki ya sukari na nani anashughulikia vidonda vya miguu, usije ukapanga foleni isiyo yako. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu kwa msamaha, kwa hiyo pitia ofisi ya kijiji au mtaa uchukue barua. Wakisema aende Muhimbili msishtuke. Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wamefanya kazi ya miguu ya sukari Dar kwa miaka mingi, na mafunzo yao ya Step by Step yalipelekwa kwa wahudumu wa mikoani, ndiyo maana siku hizi unaweza kumkuta sista wa wilayani anayejua kuichonga sugu kuliko unavyotegemea.

Watu hao wa Dar ndio walioandika pia habari ya panya. Niliposimuliwa nilidhani utani: wagonjwa wenye ganzi walikuwa wanaguguniwa vidole usiku na panya, wanaamka asubuhi wanakuta damu kwenye shuka. Kwa nyumba zetu, msimu ambao magunia yapo ndani, hilo si la kuchekea. Mama analala na soksi na chandarua kimechomekwa vizuri.

Na kikifunga bado hujamaliza. Kati ya watu kumi waliopona, karibu wanne hurudiwa ndani ya mwaka mmoja. Mama hatembei peku hata ndani ya nyumba. Fundi wa katambuga alimtengenezea sendo pana ya mkanda wa nyuma, ndani ina sponji nene, imegandishwa kwa gundi bila msumari hata mmoja, hilo nilisimamia mwenyewe. Kila asubuhi anaingiza mkono ndani kabla ya kuvaa, na jioni mjukuu anamkagua nyayo kwa tochi ya simu. Sugu ikianza kuota tunarudi kuchongwa. Hajichongi kwa wembe wala haweki dawa ya kubandua sugu, zile zinaunguza.

Kwa leo, mzee akae. Maji akaletewe, swala aswalie nyumbani. Kidonda kioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa na chumvi kidogo, kifunikwe kwa shashi safi isiyobana, bila spiriti wala unga wa kapsuli. Halafu safari. Mkienda, mchukue na zile kandambili anazovaa kila siku, hata kama zimechakaa na unaona aibu. Usimnunulie mpya ya kwendea hospitali, wataomba kuziona hizo za zamani.