Kaa kwenye povu kwanza

Juzi usiku msomaji mmoja alinitumia ujumbe usio na nukta wala mkato: "Shikamoo dada naenda likizo ufukweni siku saba nataka nikirudi niwe najua kuteleza mawimbini kama wewe kwenye ile picha yako nianzie wapi." Chini yake akabandika picha ya hoteli aliyokwisha kuilipia.

Nilicheka. Halafu nikanyamaza, maana huyo wa kwenye picha ndiye huyohuyo aliyewahi kujifungia bafuni hotelini akilia, mchanga umejaa masikioni, na wenzake nje wanagonga mlango huku wakicheka.

Picha ile ni ya likizo ya tatu. Ngoja nikusimulie ya kwanza.

Mwaka 2021 mchezo huu wa kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao uliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Japani, ufukwe wa Tsurigasaki. Nilitazama siku zote. Carissa Moore wa Hawaii akachukua dhahabu ya wanawake, Italo Ferreira wa Brazili akachukua ya wanaume, nami kwenye kochi langu nikaona kabisa kwamba jambo lenyewe dogo: wanajilaza, wanainuka, wanakunja magoti, basi. Miezi michache baadaye tukapanga likizo, kundi la watu wanane, na mwenye mdomo kuliko wote nilikuwa mimi. Niliwaambia waje na simu zenye chaji.

Mzee anayekodisha mbao alinitolea ubao wa sponji, wa buluu iliyopauka, urefu futi 8, mpana kama mlango. Nikamwambia huo ni wa watoto. Nikachagua mfupi, mgumu, wenye pua kali na maua yamechorwa. Mzee wa watu akanitazama, akautazama ubao, akanipa. Nadhani alishachoka kubishana na watu wa aina yangu.

Ubao mfupi haumbebi mwanafunzi. Ukiulalia unazama nusu, ukipiga maji kwa mikono hauendi, na wimbi linakukuta umetulia palepale. Wimbi halimbebi aliyetulia. Lazima likukute tayari una mwendo, la sivyo linapita chini yako au linakupindua. Mimi lilinipindua. Pua ya ubao ilichoma majini, mkia ukainuka, nikaruka juu mikono imetanuka kama mtu anayesalimia uwanja mzima, nikatua kifudifudi. Rafiki yangu mmoja alikuwa anarekodi. Jioni video ilikuwa kwenye kundi letu la simu, imetiwa muziki, imepunguzwa mwendo. Mpaka leo kuna mtu mmoja akiniona tu ananyanyua mikono vile. Nimemsamehe. Video ninayo bado.

Baadaye sana ndipo niliposoma kwamba Italo Ferreira mwenyewe, utotoni, alianza kwa kuteleza juu ya kifuniko cha sanduku la sponji ambalo baba yake aliuzia samaki. Bingwa wa Olimpiki kaanzia kwenye sponji, mimi nikaionea haya!

Siku ya pili ndiyo nusura iwe ya mwisho. Nilitaka mahali pa kuingilia pasipo na vurugu, mbali na zile simu. Kushoto mawimbi yanavunjika, kulia yanavunjika, katikati kuna njia ya maji matulivu, rangi yake imekoza kidogo. Nikasema hapa ndipo penyewe. Wenye kuijua bahari mmeshaguna. Ule ni mkondo wa kurudi: maji yote yanayosukumwa ufukweni na mawimbi yanatafuta mlango wa kutokea, na mlango ndio huo. Ukiwa mkali unaweza kufika mita 2 na nusu kwa sekunde, mwendo ambao hata mwogeleaji wa Olimpiki hawezi kuukabili kwa muda. Nilipogeuka, miavuli ya ufukweni ilikuwa midogo kama vifungo vya shati.

Nikafanya kosa la kila mtu, nikaanza kupiga maji kurudi moja kwa moja nilikotoka. Mikono ikaisha. Nilikuwa nasikia moyo wangu ukigonga ubao, kwa kweli, du du du, kama mtu anabisha hodi kutoka ndani. Mtu mmoja aliyekuwa amekaa juu ya ubao wake mbali kidogo akapaza sauti: "Pembeni! Nenda pembeni!" Nikageuza pua ya ubao, nikaenda sambamba na ufukwe, na baada ya muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima, nikaingia tena panapovunjika mawimbi, yakanisukuma mpaka mchangani kama furushi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kama hutashika lingine lolote, shika hili: maji matulivu katikati ya mawimbi si rafiki yako. Yakikuchukua, usishindane nayo. Nenda pembeni, usiachie ubao kwa sababu ndio boya lako, na ukichoka acha kupiga maji, elea, nyoosha mkono juu watu wakuone. Na kama hujui kuogelea, jifunze hilo kwanza. Kamba inayofunga ubao mguuni hukatika.

Likizo ya pili nilikuja na adabu. Nikachukua mwalimu, nikakubali sponji, na siku tatu nzima mwalimu akatuweka kwenye povu, maji ya kiunoni. Povu ni lile wimbi lililokwisha kuvunjika, linalokuja limenyooka kama ukuta mfupi mweupe. Halina maringo. Linakusukuma tu, na kila dakika linakuja jingine, kwa hiyo unaweza kujaribu kusimama mara arobaini kabla ya chai ya asubuhi. Lakini povu halipendezi kwenye picha. Siku ya nne, bila kuruhusiwa, nikapita nyuma, kule wanakokaa wajuzi wakisubiri wimbi ambalo halijavunjika.

Kule kuna sheria, na mimi sikuwa naijua. Wimbi ni la aliye karibu zaidi na mahali linapoanzia kuvunjika, wengine wote wanampisha. Nilijitosa mbele ya mwenye wimbi lake. Yeye alikwepa, mimi nikaanguka, na ubao wangu mwenyewe ukarudi na kamba yake ukanipiga kidevuni. Kovu lipo. Nilipotoka majini nikamsikia mwalimu akimwambia mwenzake, akidhani siko karibu, "Huyu aje aote jua tu." Makosa yalikuwa yangu, nakiri. Lakini maneno yale yalinikaa kifuani miezi kumi na moja, na sioni aibu kusema kwamba ndiyo yaliyonirudisha.

Hilo la ubao kurudi ni zito kuliko kovu langu. Jack O'Neill, yule aliyejulikana kwa nguo za mpira za kuingilia maji ya baridi, mwaka 1971 alipoteza jicho la kushoto baada ya ubao uliofungwa kwa kamba ya kuvutika kumrudia. Kamba za siku hizi hazivutiki kwa kiasi kile, ila bado ukianguka zungusha mikono kichwani na ubaki hivyo mpaka utoke juu. Angukia ubavu au makalio, bapa, usitangulize kichwa wala kuruka kwa miguu, kwa sababu hujui chini kuna kina gani. Na unapotembea kuelekea ndani, ubao uwe ubavuni mwako. Ukiuweka kati yako na wimbi, utakugonga tumboni mbele ya watu.

Miezi kumi na moja hiyo siisimulii. Ilikuwa mimi na zulia la sebuleni: lala kifudifudi, viganja chini ya mbavu, sukuma, miguu yote miwili itue mara moja. Si kwa magoti. Ukizoea kupitia magotini, hutoki magotini.

Likizo ya tatu nilikwenda peke yangu. Nilichagua ufukwe wenye mchanga chini, si mwamba wala matumbawe, nikaamka alfajiri kabla upepo wa baharini haujaanza kuyavuruga mawimbi. Siku nne nikakaa kwenye povu. Watoto wa miaka saba walinipita. Siku ya tano kulipokucha, mawimbi madogo ya magotini, nikasogea nyuma hatua chache tu. Likaja moja. Nikapiga maji, nikaongeza mapigo mawili ya nguvu, nikasikia mkia wa ubao unanyanyuliwa taratibu, kama mtu anayenyanyua kitanda uchukue kitu uvunguni. Nikasimama. Nilitazama mbele, si miguuni. Chini ya ubao kulikuwa na sauti ambayo sijawahi kuisikia tena mahali popote, kama kitambaa cha hariri kinapochanwa polepole. Sekunde tano, labda sita. Mgeni mmoja aliyekuwa akipita ufukweni ndiye aliyepiga picha, akanitumia. Sikumwomba.

Basi tatizo letu ni nini? Tunataka kuonekana tumejua kabla ya kujua. Tunalipa likizo nzima tukanunue picha moja. Mtu anafika asubuhi, saa nne anataka wimbi la kufika kichwani, saa sita kakata tamaa yuko kwenye kiti anasema mchezo huu una wenyewe. Hauna wenyewe! Una wanaokubali kuchekwa siku tano na wasiokubali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na kuyaoga kwenyewe ni kwenye povu, kiunoni, pamoja na watoto. Nimesema povu mara ngapi? Nitasema tena.

Sasa hiyo hoteli yako. Nimeikuza picha. Maji ni ya samawati, yametulia kama kioo, na kule mbali kuna mstari mweupe. Mstari huo ni mwamba, na mawimbi yote yanaishia hapo. Pazuri kwa kuogelea na kusoma kitabu, ila wimbi la kujifunzia halitafika kwako. Wimbi huvunjika kina kinapopungua mpaka kukaribia urefu wa wimbi lenyewe, na penye matumbawe kina hupungua ghafla. Ndiyo maana Teahupo'o kule Tahiti, walikofanyia Olimpiki ya 2024, mawimbi yanatisha vile: chini yake ni matumbawe na maji kidogo. Usiende kwenye ule mstari. Uliza kama karibu kuna ufukwe wa mchanga unaoteremka polepole, ujue saa za maji kujaa na kupwa, maana kila siku husogea kama dakika 50, na palipofaa jana saa moja huenda leo saa hiyohiyo hapafai. Chukua fulana ya kubana, la sivyo siku ya pili tumbo na kifua vitakuwa vimechubuka na ubao hutaulalia. Jipake mafuta ya kukinga jua mpaka nyuma ya magoti, pale napasahau kila mwaka.

Siku saba zinatosha kusimama kwenye povu, kama zote utazitumia kwenye povu. Nilimwandikia yote haya, marefu kuliko hapa, na nikamsisitizia ubao wa sponji wa futi 8.

Alijibu baada ya dakika mbili. "Asante dada nimekuelewa sana ila nimeona pale wana mfupi una maua mzuri huo hauwezi kunifaa"

Nimemtumia ile video.