Maswali ya Wasomaji: Paki ya Snoubodi Ugenini

SWALI: Ndugu wahariri, nina likizo ya wiki moja mwezi Machi na nataka kuimalizia yote kwenye paki, yaani eneo la kituo cha theluji lenye rampu za kurukia na reli za kutelezea. Meza, yaani rampu zenye ubapa wa kuvuka kabla ya mteremko wa kutua, za mita tano hadi nane naziruka bila wasiwasi. Tatizo ni kwamba kila kituo kinajisifia kuwa na paki bora. Nichague vipi bila kubahatisha?

JIBU: Anza kwa kusahau idadi. Kituo kikikuambia kina rampu na reli 80, mara nyingi hiyo ni hesabu ya msimu mzima, pamoja na reli zilizolala nyuma ya banda zikisubiri theluji. Kinachoitofautisha paki nzuri na mbaya ni matunzo. Rampu ya theluji si ya zege. Jua la mchana linaulainisha mdomo wake, yaani ukingo wa juu unaokurusha, kila anayeruka anauchimba kidogo, na usiku unaganda na mashimo yake yote. Isipochongwa upya, baada ya siku chache itakurusha upande hata kama umeingia sawasawa.

Kwa hiyo tafuta picha za siku mbili tatu zilizopita, si za matangazo. Paki nyingi kubwa zina kurasa zao mitandaoni, mbali na za kituo. Ikuze picha utazame sehemu tatu. Mdomo wa rampu uwe umenyooka, bila mfereji katikati. Mteremko wa kutua uwe na mistari ya mashine, kama kitambaa cha kodrai; ukiona mashimo yamejazana sehemu moja, hayo ni makalio na visigino vya watu, na kesho asubuhi yatakuwa barafu. Kisha tazama mwanzo wa reli: theluji ifike karibu usawa wa chuma, kwa sababu pengo la kiganja kimoja hapo linatosha kuinasa pua ya ubao. Ukiona pia makoleo na reki zimechomekwa kando, furahi. Maana yake kuna wachongaji wanaozunguka mchana, si mashine ya usiku peke yake.

Jambo la pili ni ngazi. Wewe unayeruka mita nane unahitaji paki yenye meza ya sita, ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili. Paki inayotoka mita saba ikarukia kumi na tano inapendeza kwenye video, lakini wiki yako itaishia kwenye meza ileile uliyoanza nayo. Andika barua pepe uulize kuhusu mstari wa kati, yaani meza za ukubwa wa kati zinazofuatana: "Meza za mstari wa kati zina mita ngapi wiki hii, moja baada ya nyingine?" Wanaoijali paki yao watakujibu kwa namba.

Tatu, uliza lifti. Paki yenye lifti yake fupi, hata ile ya kukokota, inakupa mzunguko mmoja kwa dakika kumi hivi. Ukilazimika kushuka hadi bondeni upande tena kwa lifti ya kibanda, mzunguko unafika nusu saa, na kwenye paki mtu hujifunza kwa kurudia.

Kwa kiwango chako, sisi tungeanza na Laax kule Uswisi, ambako paki za ngazi mbalimbali zimekusanyika eneo la Crap Sogn Gion, au Absolut Park ya Flachauwinkl, Austria. Marekani kuna Breckenridge na Mammoth. Livigno ya Italia ilichaguliwa kuwa mwenyeji wa snoubodi kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2026, na paki yake ya Mottolino ina jina kubwa. Hata hivyo usilifuate jina. Ulizia mstari wa kati uko katika hali gani.

SWALI: Kwenye ukubwa wa meza, Marekani wanaandika "futi 30", Ulaya wanaandika S, M, L. Nalinganishaje? Safari iliyopita niliingia "M" nikaangukia juu ya meza, goti likavimba.

JIBU: Pole kwa goti. Futi moja ni takriban mita 0.3, hivyo futi 30 ni mita tisa, 40 ni kumi na mbili, na 60 ni kumi na nane. Kwa kawaida kipimo hicho ni cha meza tu, kutoka mdomo wa rampu hadi kifundo, yaani pale ubapa unapoishia na mteremko wa kutua unapoanza. Kutua vizuri kunataka uvuke kifundo kwa mita moja au mbili, kwa hiyo utaruka mbali kuliko namba iliyoandikwa. Herufi nazo hazina kipimo cha kimataifa. M ya mlima mmoja ni L ya mlima wa jirani. Amini mita.

Sababu ya kuangukia kwenye meza karibu daima ni kasi ndogo. Mzunguko wa kwanza usiruke chochote. Pita pembeni ukitazama mteremko wa kutua, kwa kuwa ukiwa juu huuoni. Wa pili, shuka hadi karibu na rampu, sikia kasi yako, kisha kata nje mapema, kabla hujaanza kupanda. Wa tatu, muulize mtu mwenye uzito kama wako anaanza kushuka kutoka wapi, umfuate kwa mbali bila kufunga breki. Kama kuna shaka, jiondoe kabla ya rampu. Kufunga breki ukiwa juu yake ndiko kunakowaangusha watu kwenye kifundo.

Kasi ya asubuhi si ya mchana. Saa tatu asubuhi theluji imeganda na inakimbia. Saa saba jua limeilowesha na ubao unanata kama umeshikwa. Mwezi Machi paka nta ya joto la juu, na ukirudi baada ya chakula pima upya kana kwamba rampu ni mpya. Upepo wa mbele ukiwa mkali, nenda kwenye reli.

SWALI: Kama siwezi kusafiri Machi, kuna miezi mingine?

JIBU: Oktoba na Novemba nenda kwenye barafu ya milima mirefu, kama Stubai ya Austria. Julai hadi Septemba ni Cardrona ya New Zealand, au Perisher na Thredbo za Australia. Desemba tuna wasiwasi nayo: rampu kubwa zinakula theluji nyingi, na paki nyingi huwa bado ndogo. Hafupaipu, yaani mfereji mkubwa wa theluji wenye kuta mbili za kupanda na kurukia, ndiyo huchelewa zaidi. Na ile kubwa ya futi 22, yenye kuta za karibu mita 6.7, haimfai anayejifunza. Atafute ndogo ya mita mbili hadi nne.

SWALI: Nibebe nini, na bima ya kawaida inatosha?

JIBU: Bima kwanza. Soma ukurasa wa yasiyolipiwa, utafute maneno kama paki, rampu, mashindano na nje ya njia. Bima nyingine hulipia kuteleza lakini huikataa paki. Uliza kwa maandishi kama uokoaji wa helikopta umo, utunze jibu.

Helmeti beba yako. Chukua bisibisi na skrubu za M6 kama nane, kwani skrubu hulegea kwa mitikisiko ya kutua. Zikaze kila asubuhi. Ukipanga kukodi ubao na kutumia vifungio vyako vya kushikia viatu, uliza kwanza matundu yake yakoje. Ubao wa Burton wenye mfereji mmoja wa katikati unataka diski zake, yaani vibao vya duara vinavyokaza vifungio kwenye ubao. Diski ya matundu manne ya kawaida isiyotengenezewa mfereji haitashika. Kwa reli, punguza ukali wa kingo za chuma katikati ya miguu, lakini ziache kali chini ya visigino na vidole kama utaingia hafupaipu, kwa sababu ukuta wake wa asubuhi ni barafu tupu.