Programu imepata asilimia 97.5, lakini makala muhimu zimekwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa afya ya jamii, niko Dodoma. Nafanya mapitio ya kimfumo, yaani kukusanya tafiti zote za mada moja kwa utaratibu unaoweza kurudiwa, kuhusu matibabu ya dripu kwa watoto wenye maambukizi makali. Nimetafuta kwenye PubMed, hifadhidata ya makala za tiba, na hifadhidata nyingine mbili, nikapata makala 4,000. Mimi na mwenzangu tumesoma ikisiri (muhtasari wa makala) 1,000 na kuziwekea alama ya "inahusika" au "haihusiki". Rafiki yangu aliyesomea kompyuta ametengeneza programu ya kuzipanga. Tuliifundisha kwa ikisiri 800 na kuipima kwa 200, ikapatia 195, yaani usahihi wa asilimia 97.5. Msimamizi wangu bado anataka tuzisome 3,000 zilizobaki. Je, siwezi kuiachia programu? Nimesikia hata Wamarekani siku hizi wameiachia kompyuta kazi hii. Nimeambatisha jedwali la matokeo.

JIBU: Marahaba. Kwa programu hiyo ilivyo sasa, usiiachie. Nilikwenda kwenye jedwali moja kwa moja, kwa sababu kila anayeniandikia kuhusu jambo hili huanza na asilimia ya usahihi, na karibu kila mara asilimia hiyo ndiyo inayoficha tatizo.

Jedwali lako linasema hivi. Kati ya zile 200 za kupimia, ninyi wawili mliona zinazohusika ni 6. Programu imenasa 2 na kuziangusha 4. Kati ya 194 zisizohusika imekataa 193 na kukosea 1. Jumla ya makosa ni 5, ndiyo maana ukapata 195 sahihi. Sasa chukua programu isiyofundishwa kitu chochote, yenye agizo moja tu: kila makala, andika "haihusiki". Hiyo ingepatia 194 kati ya 200, yaani asilimia 97. Kazi yote ya rafiki yako imeizidi kwa nusu asilimia.

Wewe ni mtu wa afya, hutakubali jambo hili likifanywa kwa wagonjwa. Kijiji chenye watu 200, 6 kati yao wana kifua kikuu, halafu aje mtu na kipimo kinachowaambia wote 200 kwamba ni wazima. Kipimo hicho kina usahihi wa asilimia 97, na hakuna mganga mkuu wa wilaya atakayekinunua. Atakachouliza ni: kati ya wale 6, kimenasa wangapi? Swali hilohilo ndilo la kuiuliza programu ya kupanga makala. Mimi hukiita kiwango cha kunasa, na chako ni 2 kwa 6, theluthi moja. Kama uwiano ni uleule katika zile 3,000, humo kuna makala kama 90 unazozihitaji. Programu itakuletea kama 30 na kuzifukia 60.

Na hata theluthi hiyo usiitegemee, maana 6 ni chache mno kupimia. Hata kama programu ingenasa zote 6, kitakwimu bado usingeweza kukataa, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba huenda inaangusha karibu asilimia 40 ya zinazohusika. Kipimo chenye makala 6 za maana hakiwezi kuthibitisha unachotaka kikuthibitishie.

Rafiki yako hakufanya uzembe. Programu za namna hii, usipoziambia vinginevyo, hujifunza kupunguza jumla ya makosa, na kosa la kuangusha makala muhimu huhesabiwa sawa na kosa la kupitisha isiyo na maana. Katika ikisiri 800 mlizoifundishia, zinazohusika zilikuwa 24 tu. Njia rahisi ya kupunguza makosa ni kusema hapana kila inapoona shaka. Kwako makosa hayo mawili hayalingani hata kidogo: makala ya ziada inakugharimu dakika moja ya kusoma, iliyoangushwa inaweza kugeuza hitimisho lako.

Nikuonyeshe kwa mfano wa mada yako mwenyewe. Utafiti wa FEAST uliotoka mwaka 2011 katika New England Journal of Medicine ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo hospitali za Kilifi na Muheza. Walikuwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Wengine walipewa dripu ya haraka ya albumini (protini ya damu), wengine dripu ya haraka ya chumvi, na wengine hawakupewa dripu ya haraka. Katika saa 48 za mwanzo walifariki asilimia 10.6 ya waliopewa albumini, asilimia 10.5 ya waliopewa chumvi, na asilimia 7.3 ya ambao hawakupewa. Utafiti ukasimamishwa kabla ya kufikia idadi ya watoto iliyokusudiwa. Matokeo haya yalikwenda kinyume na yale madaktari wengi waliyofundishwa.

Sasa itazame makala hiyo kwa macho ya programu. Kichwa chake kinataja vifo, dripu ya haraka, watoto wa Afrika na maambukizi makali. Hakitaji sepsisi (mwili kudhurika vibaya kwa sababu ya maambukizi), wala hakitaji mshtuko wa mzunguko wa damu. Zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria. Programu iliyojifunza kwa makala 24, nyingi zikiwa za vyumba vya wagonjwa mahututi vya Ulaya na Marekani, inaweza kabisa kujifunza kwamba malaria ni dalili ya "haihusiki". Ikiangusha makala moja tu, na ikawa hiyo, mapitio yako yatamwambia daktari wa Muheza kitu kilicho kinyume na yaliyoonekana kwa watoto wa Muheza. Asilimia yako ya usahihi itabaki palepale 97 na ushei. Ndiyo maana huwa sipendi kuiona ikitangulizwa.

Kuhusu Wamarekani, ulichosikia ni kweli, ila kimefikishwa nusu. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, iliyoko Bethesda, ina msamiati wake rasmi wa mada uitwao MeSH, uliotolewa mwaka 1960, na kwa miongo mingi wataalamu walikuwa wakisoma makala na kuzipa maneno ya msamiati huo. Mwaka 2002 wakaanza kutumia programu ya kuwapendekezea maneno wataalamu hao, na binadamu ndiye aliyeamua. Mwaka 2022 ndipo makala zote za MEDLINE, hifadhidata ya maktaba hiyo, zikaanza kupewa maneno na kompyuta. Hiyo ni miaka 20 ya kulinganisha pendekezo la mashine na uamuzi wa mtu, na bado wamebakiza watu wa kukagua na kusahihisha sehemu ya kazi. Zaidi ya hapo, kazi yao ni tofauti na yako. Wao wanabandika lebo ili makala ipatikane, na lebo moja ikikosekana makala bado inaweza kupatikana kwa maneno ya kichwa na ya ikisiri. Wewe unaamua nini kiingie na nini kisiingie kwenye ushahidi. Ukishaitupa, hakuna mlango mwingine wa kuirudisha.

Mfano ulio karibu zaidi na kazi yako ni wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaoandaa mapitio ya kimfumo ya afya. Wana programu ya kutenga majaribio ya kitabibu yenye mgawanyo wa nasibu na tafiti nyingine. Ilifundishwa kwa rekodi zaidi ya 280,000 zilizowekewa alama na watu wa kujitolea, kisha kizingiti chake, yaani alama ambayo makala ikiwa chini yake hukataliwa, kikawekwa kwa makusudi mahali ambapo inanasa asilimia 99. Kwa hiyo inapitisha makala nyingi sana zisizohusika, na wenyewe wamekubali gharama hiyo. Pia kazi yake ni moja, kutambua aina ya utafiti. Haijui lolote kuhusu dripu wala watoto. Mtu anayesema "hata Cochrane wanatumia akili mnemba" huku akiwa na programu iliyofundishwa kwa ikisiri 800 anaazima heshima isiyo yake.

Hapa niseme na wengine pia, maana hili limeshakuwa tatizo la vyuo na hospitali zetu. Kuna wauzaji wanaopita na programu za kupanga nyaraka za utafiti, wakiwa na slaidi moja yenye namba kubwa: usahihi asilimia 98. Ukiwauliza zilikuwa makala ngapi, zinazohusika ngapi, zilizoanguka ngapi, hawana jibu, na wakati mwingine wanakasirika. Bila namba nne za jedwali, yaani zilizonaswa, zilizoangushwa, zilizopitishwa kimakosa na zilizokataliwa kwa haki, hiyo asilimia haina thamani yoyote. Usisaini chochote, na usiruhusu idara yako isaini. Fedha ya mkataba mmoja wa namna hiyo inatosha kuwalipa wasomaji wasaidizi kwa muda mrefu.

Kuna pia mtindo mpya wa kubandika ikisiri moja moja kwenye roboti ya mazungumzo na kuiuliza kama inahusika. Naletewa rasimu za mapitio yaliyofanywa hivyo. Roboti hizi hutoa sababu kwa lugha nzuri hata zinapokosea, na ufasaha huo ndio unaowalaza watu. Ukirudia swali lilelile unaweza kupata jibu jingine, toleo linabadilika bila wewe kuarifiwa, na mwisho huwezi kuandika kwenye sehemu ya mbinu jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulirudia. Mapitio ya kimfumo yasiyorudiwa si ya kimfumo. Kama unataka kuitumia, ipime kwa ikisiri zako 1,000 kama unavyoipima programu yoyote, andika toleo, tarehe na maneno kamili ya swali lako, kisha tuone namba nne.

Turudi kwako. Programu isitupwe, ibadilishiwe kazi. Kwanza ondoa nakala. Umetafuta katika hifadhidata tatu, kwa hiyo makala moja inaweza kuwemo mara mbili au tatu. Kama nakala moja iliingia kwenye 800 na nyingine kwenye 200, programu imepimwa kwa mtihani ilioonyeshwa majibu, na hata zile 2 ilizonasa zinatia shaka. Ondoa nakala kabla ya kugawa, si baada.

Kisha mwambie rafiki yako aache majibu ya ndiyo na hapana. Ndani ya programu kila makala ina alama ya uwezekano, na kinachokataa ni kizingiti kilichowekwa katikati bila mtu kukifikiria. Apange 3,000 zote kwa alama hiyo, kutoka juu hadi chini, nanyi msome kuanzia juu, mkiifundisha upya kila mnapomaliza fungu. ASReview, programu iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Utrecht, inafanya kazi hiyo bila malipo, na Rayyan, iliyoanzia Qatar, nayo ina upangaji wa namna hiyo. Kwa njia hii mtakutana na nyingi mapema, na mnaweza kuanza kutafuta makala kamili huku mkiendelea kusoma.

Swali gumu ni wapi pa kusimama. Watu husoma makala 50 mfululizo bila kukuta kitu, wakachoka, wakasema basi. Huo ni uchovu, usiuite mbinu. Kama lazima msimame, chukueni 300 kwa bahati nasibu kutoka rundo la chini ambalo hamjalisoma. Msipokuta hata moja, mnaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba zinazohusika katika rundo hilo hazizidi asilimia 1. Lakini ifanye hesabu hadi mwisho: rundo likiwa na makala 2,000, asilimia 1 ni makala 20. Je, mko tayari kuandika kwenye ripoti kwamba huenda zimewaponyoka 20? Kwa mada ya watoto mahututi mimi nisingekuwa tayari, na ndiyo sababu nakubaliana na msimamizi wako. Ikisiri 3,000, kwa mwendo wa 60 kwa saa, ni saa 50 kwa kila mmoja wenu. Mkisoma saa 5 kwa siku, ni siku 10.

Makala zisizo na ikisiri, na zile za Kifaransa kutoka Kongo na Burundi, zitengeni tangu mwanzo zisomwe na mtu. Programu iliyofundishwa kwa ikisiri za Kiingereza itazipa alama ya chini kwa sababu tu haina cha kuzilinganisha nacho.

Halafu nitumie zile makala 4 zilizoangushwa, pamoja na alama ilizopewa kila moja. Kama zilikuwa karibu na kizingiti, kazi iliyobaki ni ndogo. Kama zimekaa chini kabisa pamoja na zisizohusika, mifano mliyoifundishia haitoshi, na itabidi muongeze nyingine kabla ya kupanga chochote.