Pumu ya ukubwani sio aleji peke yake
Mkuu umeuliza kama pumu ya mtu mzima ni aleji ya vumbi tu. Hapana, sio kila pumu ya mtu mzima ni aleji ya vumbi. Ya aleji mara nyingi huanza utotoni, ila anayeanza kubanwa kifua kwenye miaka ya 40 mara nyingi ana aina nyingine. Kuna ile ya seli nyeupe za damu zinazoitwa eosinofili, hiyo huja na mafua yasiyoisha na vinyama puani, na baadhi ya wenye pumu hiyo wakimeza aspirini, diklofenaki au ibuprofeni wanabanwa vibaya mno, kwa hiyo jamani ukienda duka la dawa kununua ya maumivu sema kabisa una pumu. Halafu kuna ya kazini, mi ni nesi kliniki ya kifua hapa Dar na hii ndo watu wanaisahau, mafundi wanaopulizia magari rangi, waoka mikate, maseremala, dalili yake ukiwa likizo unapata nafuu ukirudi kazini inarudi. Unene nao una pumu yake. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na aina mbili, na TB au moyo pia hukohoza na kubana, kwa hiyo kapime upumuaji na damu kwanza.